Aliye Juu, Mngoje Chini

Ukitaka kuiona Uluguru kutoka Ngerengere, amka mapema. Ikishapita saa tatu asubuhi, joto na vumbi huinua utando mweupe, na mlima unabaki kuwa jambo la kuambiwa. Lakini katika miezi ya kipupwe, jua likichomoza upande wa bahari huupiga ule ubavu wa mashariki moja kwa moja, na mwenye macho mazuri anaweza kuhesabu makorongo akiwa amekaa kwenye benchi la kunywea chai.

Benchi langu lilikuwa la mama mmoja auzaye chai ya tangawizi na maandazi, si mbali na stesheni ya reli ya zamani. Ni Mluguru wa upande wa Kinole. Usichana wake wote aliumaliza akishusha ndizi kwa kichwa, mkungu juu ya ngata, alfajiri akiteremka na jioni akipanda na chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Mlima kwake ni barabara. Hajawahi kuupanda kwa sababu nyingine yoyote.

Mwishoni mwa Mei 2024 nilikuwa nimekaa pale nikisoma simu, nikatikisa kichwa, naye akaniuliza kuna msiba gani. Nikamweleza. Mkenya mmoja, mpanda milima, Cheruiyot Kirui, amefia Everest, karibu kabisa na kilele. Ilibidi kwanza nimweleze Everest ni nini: mita 8,848, yaani ukichukua Lupanga, kilele kimoja cha Uluguru yetu, ukazipanga nne moja juu ya nyingine, bado hujafika. Nikamweleza kwamba alitaka kupanda kwa pumzi zake mwenyewe, bila hewa ya mtungi. Nikamweleza kwamba mwili wake umeonekana, na kwamba hautashushwa.

Alinisikiliza hadi mwisho huku akigeuza maandazi. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Na huyo mwenzake, wajomba zake wamekwenda kumtafuta?"

"Mwenzake yupi, mama?"

"Si umesema walikuwa wawili, mwanangu?"

Kweli nilisema. Katikati ya maelezo yangu nilitamka "na mwongozaji wake", nikapita, kama mtu anavyotaja viatu au hema. Nikafungua tena simu kulitafuta jina. Nawang Sherpa, Mnepali. Nilikuwa nimelisoma mara tatu asubuhi ile, na mara zote tatu halikukaa.

Kwa Waluguru, ambao ukoo wao huhesabiwa kwa mama, mjomba ndiye mwenye mtu. Mtu akipotea, wajomba ndio wa kwanza kuuliza na wa kwanza kuulizwa. Swali la mama lilikuwa na sheria nzima ndani yake: huyu ni wa nani, na wenyewe wamearifiwa? Tangu siku ile, kila nikitaka kumkumbuka Kirui kwa heshima anayostahili, nalikuta swali hilo limetangulia limekaa.

Na heshima anaistahili. Alikuwa na umri wa miaka 40, mfanyakazi wa benki nchini Kenya, mtu aliyeishi maisha mawili kama wanavyoishi wapanda milima wengi wa kwetu: juma lote ofisini, kisha mkoba mgongoni. Afrika Mashariki haikosi watu wanaoishi kwa mlima. Wanaoupanda kwa kuupenda tu, kwa fedha ya mshahara wao, ni wachache, na wachache hao hujuana kwa majina. Mwaka 2023 Kirui alifika kilele cha Manaslu, mita 8,163, huko Nepal, bila hewa ya mtungi. Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 12 Mei 2022, James Kagambi, mwalimu wa kupanda milima aliyekuwa na miaka 62, alikuwa Mkenya wa kwanza kusimama juu ya Everest. Tanzania nayo ilikuwa imeshafika: Wilfred Moshi, Mei 2012. Njia ilikuwa imefunguliwa. Kirui alitaka kuipita kwa namna iliyo ngumu zaidi.

Mawasiliano yalikatika tarehe 22 Mei 2024. Ujumbe wa mwisho ulitoka kwa Nawang, wakiwa kwenye kimo cha mita 8,800 hivi: mwenzangu amebadilika, anakataa kurudi, anakataa mtungi. Siku iliyofuata mwili wa Kirui ulionekana mita chache chini ya kilele. Nawang hakuonekana.

Ni rahisi mtu aliyekaa kivulini kuuliza kwa nini alikataa. Kule juu, kila pumzi ina karibu theluthi moja tu ya oksijeni tunayoivuta sisi huku bondeni. Ubongo ukikosa hewa, akili ndiyo inayotangulia kuondoka, na huondoka bila kuaga. Mtu anaweza kuona visivyokuwapo, akasikia sauti, akamwona anayetaka kumwokoa kuwa ndiye anayetaka kumpokonya. Aliyekataa mtungi hakuwa tena yule mtu wa benki aliyepiga hesabu zake kwa miezi mingi. Sina neno la kumlaumu, wala silitafuti.

Ila saa zile hazikuwa na shahidi mwingine, na sisi tuna jambo moja tu la kushika: ujumbe ule ulitumwa na mtu ambaye alikuwa bado yuko pale.

*

Waswahili wanasema aliye juu, mngoje chini. Tunaisema kwa kinyongo. Tunamwambia mwenye cheo anayejibu salamu kwa kidevu, tajiri wa juzi, mbunge aliyeacha kupokea simu. Maana yake: tamba, lakini utashuka tu, na sisi tupo. Nimeitumia hivyo miaka mingi, na sikumbuki kama niliwahi kuitumia pasipo furaha kidogo ya uovu.

Sasa itoe methali hiyo mdomoni mwa mwenye wivu, uiweke mdomoni mwa mama wa mpanda mlima. Maneno ni yale yale, hakuna lililoongezwa. Aliye juu, mngoje chini. Imekuwa dua. Imekuwa pia maelezo ya kazi, kwa sababu kila aliyewahi kufika juu alikuwa na mtu aliyepewa kazi hiyo, naye mara nyingi jina lake halikuandikwa.

Kilimanjaro, mlima wetu wenyewe, nao una mngojaji wake. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer, mwanajiografia wa Kijerumani, na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Austria, walifika kilele cha Kibo. Hayo tulisoma shuleni. Ambayo hatukusoma ni kwamba walipopanda, kwenye uwanda ule wa baridi ulio kati ya Kibo na Mawenzi, kimo cha zaidi ya mita 4,000, waliacha kambi ndogo, na kambini wakamwacha mtu mmoja. Aliitwa Mwini Amani, mtu wa Pangani.

Pangani! Mji wa minazi na mto, ambako usiku wa baridi ni ule unaohitaji shuka ya pili. Mtu aliyezaliwa akisikia mawimbi akakubali kukaa kwenye changarawe na barafu kwa takriban majuma mawili, huku wapagazi wengine wakishuka Marangu kwa Mangi Marealle na kurudi na chakula kila baada ya siku chache. Alikoka moto, akapika, akalinda. Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller walifika ukingo wa kreta, wakaona sehemu ya juu kabisa bado iko mbali ng'ambo, wakageuka wakiwa hoi. Walirudi wapi? Walirudi kwa Mwini Amani. Bila moto wake wa tarehe 3, hakuna kilele cha tarehe 6.

Meyer akakipa kilele jina la mfalme wake. Mwaka 1961 kikaitwa Uhuru, na Luteni Alexander Nyirenda akapandisha pale bendera na Mwenge tarehe 9 Desemba. Marangu nayo inamkumbuka Mzee Yohani Kinyala Lauwo, aliyefariki mwaka 1996, ambaye husimuliwa kuwa miongoni mwa walioongoza msafara wa Meyer. Majina yamebadilika na kuongezeka, na ni vyema. Lakini wewe msomaji, umelisikia mara ngapi jina la Mwini Amani? Mimi nililipata nikiwa mtu mzima, ndani ya simulizi ya Meyer mwenyewe, na nikaona haya kwamba Mjerumani ndiye aliyenitunzia jina la Mswahili.

Ngerengere ni mji wa wanajeshi, na wanajeshi wana neno la kazi ya namna hii: lindo. Askari wa lindo hateki kilima wala hapewi nishani ya ushindi. Kazi yake ni kuwa macho wakati wengine hawapo, ili watakaporudi wakute bado kuna mahali pa kurudi.

*

Wanaopanda miamba, wale wanaoning'inia kwenye jiwe tupu kwa ncha za vidole, wanaijua habari hii kuliko sisi, kwa sababu kwao imefungwa kwa kamba. Kamba ina ncha mbili. Mmoja anapanda, mwingine amesimama chini yake au ameketi juu yake, ameishika kamba, anaiachia kidogo kidogo na kuivuta, macho hayabanduki. Anayepanda ndiye anayepigwa picha. Anayeshika kamba, kwenye picha, ni mkono tu.

Njia ya kawaida ya kwenda Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya, mita 5,199, hupita kwanza Nelion, kwenye jiwe tupu kwa saa nyingi. Juu ya Nelion kuna kibanda kidogo cha bati, kimo cha mtu kuinama. Alikijenga Ian Howell, Mwingereza aliyeishi Kenya na kufungua njia nyingi za miamba nchini humo. Mwanzoni mwa 1970, baada ya vifaa kudondoshwa kwa ndege kwenye barafu ya Lewis, alipanda Nelion mara 13, peke yake, akibeba vipande, mpaka kibanda kikasimama. Kwa mtu mwenye uwezo ule, mara 13 zingetosha kujipatia sifa nyingine 13 kwenye njia mpya. Yeye alizitumia kutengeneza mahali ambapo mtu asiyemjua, aliyechelewa, aliyeshikwa na theluji, atakuta pa kulala. Kibanda kile ni lindo la bati. Howell aliweza kuondoka, nacho kikabaki kinangoja.

Na Kilimanjaro, hivi leo unaposoma, kuna vijana wanaoitana wagumu. Ndio wapagazi. Sheria ya hifadhi inasema mzigo wa mgeni usizidi kilo 20 kwa kila mmoja. Wanaondoka kambini baada ya mgeni na kufika kambi ya mbele kabla yake, ili akifika akute hema limesimama na maji yamechemka. Wengi wao wameuzunguka mlima mara nyingi na hawajafika Uhuru hata mara moja, kwa kuwa usiku wa kilele kazi yao ni kubaki kambini wakingoja.

*

Sisi wa chini ya Uluguru hatuna desturi ya kupanda mlima kwa sifa. Wanafunzi na wageni hupanda Lupanga siku ya Jumamosi na kurudi na matope hadi magotini. Wenyeji huwatazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto anayekimbia bila kutumwa. Kwa wenyeji mlima ni mashamba, ni njia za Matombo na Mgeta, ni msitu ambamo wazee walifanya matambiko, ni mahali mvua inapotengenezwa. Isitoshe, mlima wetu hushuka wenyewe. Mto Ngerengere, uliotupa jina, huanzia huko juu, hupita bwawa la Mindu, huzunguka mji wa Morogoro, huja hapa kwetu ukiwa umechoka na una rangi ya chai ya maziwa, kisha huenda kujiunga na Ruvu. Anayefungua bomba Dar es Salaam anakunywa Uluguru bila kujua. Nasi pia, basi, tumeishi kwa methali ile ile. Aliye juu, mngoje chini: vizazi vyote vya bonde hili vimengoja maji.

Pengine ndiyo maana mama yule alikuwa mwepesi wa kumwona mtu wa pili. Aliyebeba mzigo mlimani hawezi kusikia habari ya mlima bila kuuliza nani alibeba.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo nilidhani atalikataa, naye akanishangaza. Nilipomwambia kwamba familia ya Kirui imeamua mwili wake ubaki mlimani, nilitegemea aguse kifua. Kwetu, mfu hurudi nyumbani. Tunachanga, tunapitisha daftari ofisini na kapu mtaani, tunakodi gari kutoka Mwanza hadi Mtwara usiku kucha, ili mtu alazwe kwenye udongo unaomjua. Matanga bila mwili ni matanga yaliyopungukiwa. Hujui uelekeze wapi uso unapolia. Nina hakika familia ile iliyajua hayo yote kuliko mimi. Na bado walisema: kumshusha kutoka kule kunahitaji watu, watu hao wanaweza kufa, na hatutaki mtoto wa mtu mwingine afe kwa ajili ya mtoto wetu aliyekwisha kufa.

Mama aliweka mwiko chini.

"Basi hao ni watu," alisema. "Wamefikiria watoto wa wenzao." Akanyamaza kidogo, akaelekeza kidevu upande wa magharibi, ambako utando ulikuwa umeanza kupanda. "Na mlimani si pabaya. Wazee wetu wako mlimani."

Nimeufikiria uamuzi ule mara nyingi kuliko nilivyofikiria rekodi yoyote. Kushusha mwili kutoka kwenye kimo kile ni kazi ya watu wengi kwa siku kadhaa, kila mmoja akiwa na mama yake. Wenye uchungu ndio wenye haki ya kudai, na aghalabu dunia huwapa wanachodai. Wao walikuwa wameishika kamba kutoka mbali, wakiwa sebuleni kwao, na ilipodhihirika kwamba aliye upande wa juu harudi, walikataa kuifunga kiunoni mwa mgeni. Sijui kama kuna heshima kubwa zaidi ambayo familia ya mpanda milima imewahi kuwapa wale wanaobeba. Ukiniuliza Kirui alitoka kwa watu wa namna gani, nitakuonyesha hapo, kabla sijakuonyesha Manaslu.

Ndiyo maana nadhani tunamkosea yeye mwenyewe tunapomkumbuka peke yake. Waandishi wa habari wana sababu zao. Kichwa cha habari kina nafasi ya jina moja, na Mkenya ndiye aliyekuwa habari kwa Wakenya. Lakini tafakari haina upungufu wa nafasi. Mpanda milima anayeheshimika ni yule ambaye wenzake waliona inafaa kusimama naye. Kipimo hicho hakiwezi kuonekana ukimwondoa aliyesimama. Ukifuta jina la Nawang unapunguza na la Kirui, kwa sababu unamwacha mtu ambaye hakuna aliyebaki naye, na hiyo si kweli. Alikuwapo aliyebaki.

Wiki chache baada ya maongezi yale ya bencini, tarehe 14 Juni, treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Sasa watu wanapita Ngerengere kwa kasi, wanainua simu dirishani, wanaichukua Uluguru kwa sekunde kadhaa, wamekwisha. Mama bado yuko na chai yake upande wa reli ya zamani. Wateja wake wengi ni watu wanaomngoja mtu.

Nimebadilisha namna ninavyoisimulia habari ile. Zamani nilianza na Everest, na mita, na hewa ya mtungi. Siku hizi naanza pale mama aliponirudisha. Nawe ukiisimulia kwa mwanao, nakuomba uanzie hapo: walikuwa wawili, Cheruiyot Kirui na Nawang Sherpa.